Mungu Nitamshukuru Mwenyewe, Wewe Kaangalie Mkia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wengine mmeitikia kwa nusu mdomo. Narudia: Bwana asifiwe! Haya. Sasa najua nasema na watu walio macho.

Nimeandika ushuhuda huu kwenye karatasi, maana nikisimama mbele yenu mikono mitupu hasira itanichukua nianze kusema ya pembeni. Mchungaji ameniomba nisome polepole. Nitajaribu, sikuahidi.

Naanzia pale uvumilivu wangu ulipokatika. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi ya ndege, uwanja wetu huu huu wa Mocímboa, mwanangu Davide nimemfunga kifuani kwa kitenge changu cha kapulana. Mbele yangu alikuwa chefe wa kituo, yule bwana wa kampuni ya ndege anayevaa kizibao cha kung'aa hata siku ambayo hakuna ndege. Nilikuwa nimemwambia, nikarudia, nikarudia tena, kwamba mkia wa ndege umegonga pista, ile njia ya kutulia. Hakunitazama. Alikuwa anawaita kwa mkono abiria wengine wapande haraka ili ndege irudi Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Na kwenye mstari ule wa kupanda alikuwamo mdogo wangu Adelina, tumbo liko mbele, siku zake zimekaribia.

Basi yule chefe akanigeukia. Akatabasamu kama mtu anayefukuza kuku mlangoni bila kutaka kuinuka. Akasema, "Mshukuru Mungu, mamã. Umefika salama. Nenda nyumbani."

Ndugu zangu, niliwaka! Si kwa sababu ya neno lenyewe, maana neno ni jema. Niliwaka kwa sababu alilichukua jina la Mungu akalifanya kitambaa cha kunizibia mdomo.

"Mungu nitamshukuru mwenyewe," nikamwambia. "Wewe kaangalie mkia."

Kisha nikakaa. Kwenye ngazi ya chini kabisa, katikati, nikakaa. Apande nani sasa?

Lakini ili mjue jinsi Bwana alivyonitoa, lazima nirudi nyuma kidogo.

Wengi wenu mnamjua Davide tangu alipozaliwa. Mnajua alizaliwa na mdomo uliopasuka, upande wa juu, mpaka karibu na pua. Mnajua pia maneno niliyoyasikia. Kwamba nilishika kisu vibaya nikiwa mjamzito. Kwamba nilimcheka mtu mwenye kilema. Mimi nilisoma mpaka darasa la kumi, nikaisoma biolojia kwa mwalimu aliyekuwa mkali kuliko chefe huyu, na nilijua maneno hayo ni upuuzi. Lakini upuuzi ukiusikia kila asubuhi kisimani unachosha. Mtoto hakuweza kunyonya vizuri, maziwa yalimtoka puani. Nilikamua kwenye kikombe, nikamlisha kwa kijiko, kidogo kidogo, mchana kutwa. Kikombe cha bati na kijiko kidogo. Vishikeni hivyo viwili kichwani, vitarudi.

Ulikuwa wakati ule ule gesi ilipopatikana baharini upande wa Palma. Mnakumbuka mji ulivyogeuka. Wageni wenye buti na kofia ngumu wakajaa. Nyumba ambayo jana hakuna aliyeitaka leo imepangishwa, mwenyewe kahamia jikoni. Samaki mzuri hakufika sokoni tena, alinunuliwa ufukoni akapelekwa kambini. Kila kijana alisema atapata kazi ya gesi. Mume wangu Simão aliipata: kufua nguo za wafanyakazi kambini. Msicheke. Kazi ile ndiyo iliyompatia Davide nafasi. Simão alisikia kwamba madaktari wageni wanakuja hospitali ya Pemba kushona midomo ya watoto. Nikaenda na mtoto, Simão akabaki kazini. Wakamshona mwanangu, nikatolewa nje nisione, nikakaa kwenye korido nikiomba mpaka sauti ikakauka. Aliporudishwa mikononi mwangu alikuwa na mdomo kamili! Una nyuzi, umevimba, lakini kamili. Nililia hadi muuguzi akaniambia nitalowesha bandeji.

Tukabaki Pemba kungoja kidonda kikauke, nami nikapiga simu nyumbani kusema tunarudi. Mvua zilikuwa zimekata barabara, magari yamekwama njiani. Simão akamwomba msimamizi wake, akapata nafasi yangu kwenye ndege inayowaleta watu wa gesi. Na akina mama wa kanisa hili, wakiongozwa na Mama Rosária huyu hapa, waliposikia wakaamua kuja uwanjani kumpokea mtoto kwa nyimbo.

Sasa nisikilizeni kuhusu ndege hiyo. Zamani ilikuwa inakuja ndege ndogo, ile tuliyoizoea, unaiona inatua kama mwewe na kusimama. Walipoongezeka watu wa gesi kampuni ikaleta ndege ndefu. Ndefu kweli. Pista yetu haikurefushwa, ndege ndiyo iliyorefushwa. Mimi si rubani, sisemi zaidi ya hapo.

Nilipanda Pemba nikiwa na nafasi yangu mbele, pembeni ya dirisha. Sijakaa vizuri, akaja bwana mmoja mwenye shati la kampuni ya gesi, kitambi na kompyuta. Mhudumu wa ndege, binti mwembamba wa huko kusini, akaniinamia. "Mamã, tafadhali, huko nyuma kuna nafasi nzuri zaidi kwa mtoto."

Nafasi nzuri zaidi! Ilikuwa safu ya mwisho kabisa, ukuta mgongoni, kiti hakilali, nyuma ya ukuta kiti cha mhudumu mwenyewe. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha ni rahisi kumhamisha. Akaniambia pia nifungue kapulana, nimshike mtoto kwa mikono, ndiyo kanuni. Nikamwuliza, "Mkanda wa mtoto uko wapi? Kule mbele nimeona mama wa kizungu amepewa." Akasema umekwisha. Nikafungua kapulana. Nikamshika Davide kwa mikono.

Tukaja vizuri. Nikaona mikoko, nikaona mashamba ya chumvi, nikaona bati za mji wetu na kanisa hili na ule mwembe wake uliokatwa tawi. Ndege ikashuka, ikashuka, magurudumu yakagusa. Abiria wakapiga makofi. Na mimi, ndugu zangu, nikafanya jambo ambalo kila mama wa hapa hulifanya gari linapofika: kabla halijasimama, mikono yangu yenyewe ilikuwa imeshavuta kapulana, imeshamzungushia mtoto, imeshapiga fundo. Sikuwaza. Sikumwasi mtu. Tumefika, mama anafunga mtoto wake. Ndivyo tulivyolelewa.

Fundo lilipokaza tu, ndege ikadunda.

Ikaruka juu, ikaanguka tena kwa magurudumu, ikaruka. Kisha injini zikanguruma ghafla kama kwamba ndiyo kwanza tunaondoka. Pua ikainuka. Ikainuka sana. Kule mbele walikuwa juu yangu kama watu walio darini. Na sisi wa nyuma tukazama. Hapo ndipo mkia ukagonga.

Nimetafuta neno la kuwaeleza sauti ile. Fikirini mtu anaburuta bati la paa juu ya saruji, na bati hilo ni ukuta uliouegemea. Sauti haikuingia masikioni, iliingia kwenye meno. Kiti kikanirusha. Mikono yangu ikaenda juu, yote miwili, ikashika kiti cha mbele. Sikuiamuru! Mikono ile ile ambayo kanuni ilisema ndiyo imshike mtoto, ikamwachia. Begi likanipita kichwani. Na Davide? Davide alikuwa kifuani kwangu, amefungwa, kichwa chini ya kidevu changu, nyuzi zake za mdomo salama. Hakwenda popote. Kapulana ya maua mekundu, ndugu zangu, ile aliyonipa mama yangu siku ya harusi!

Mtaniuliza niliomba nini. Watu hupenda kusikia sala nzuri. Sikuwa na nafasi ya sala nzuri. Nilipiga kelele, "Yesu, si huyu! Si leo!" Basi. Ndiyo sala yote.

Na ndege ikapanda. Ilitetemeka, ikayumba, lakini ikapanda. Mungu anajua alivyoishika.

Sasa hapa lazima niseme kitu na Mama Rosária ajifunike uso kama anataka. Wakati sisi ndani tunapiga mayowe, kule chini kwenye uzio akina mama wetu walikuwa wanacheza! Walikuwa wamekuja na ngoma na vigelegele, wakaona ndege imegusa chini halafu imeinuka tena, na mmoja wao akasema, "Anatusalimia! Rubani anamzungushia mtoto wetu!" Mnamjua aliyesema. Wakaongeza nyimbo. Jirani yangu Bi Somoe, ambaye husali Ijumaa na si Jumapili, alikuwa ameacha samaki wake jikoni aje kumpokea Davide, naye akapunga mtandio mpaka ukamponyoka. Walimwona rubani kuwa mtu muungwana sana. Vumbi jeupe lililoruka nyuma ya mkia waliliona, wakadhani ni mbwembwe.

Tukazunguka juu ya bahari. Nikainama pembeni, nikachungulia nyuma ya ukuta, nikamwona yule binti mhudumu kwenye kiti chake. Rangi imemtoka. Anafanya ishara ya msalaba bila kusimama, kama mtu anayejipepea.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia, mana," akasema, kwa sauti ya chini. Sasa sikuwa mamã tena, nilikuwa dada yake.

Tukatua mara ya pili, polepole, salama. Rubani akasema kwenye spika kwamba tulizunguka kwa sababu za kiusalama, anatushukuru kwa uvumilivu. Kuhusu mkia, hakuna. Kule mbele hawakuhisi kitu zaidi ya kuinuliwa. Yule bwana aliyechukua kiti changu alikuwa anacheka na mwenzake kwamba wameonyeshwa mji bure.

Nikashuka. Nyimbo zinanipokea uzioni, "Davide! Davide!", na mimi siwezi hata kupunga mkono. Nikamwona Adelina.

Ndugu zangu, wakunga wa hospitali yetu walikuwa wamempima mdogo wangu wakakuta mtoto amelala kwa upande tumboni. Wakasema asijaribu kuzalia hapa, aende Pemba kwa wapasuaji. Barabara imekatika. Msimamizi wa Simão akaombwa tena, akatoa nafasi nyingine: ndege ile ile, inayorudi. Ndege iliyonileta mimi ndiyo impeleke yeye. Alikuwa amesimama kwenye mstari na kikapu chake cha nguo za mtoto, amevaa viatu vya kanisani.

Nikatembea mpaka nyuma ya ndege. Nikainama, nikatazama chini ya mkia. Ilikuwa kama samaki aliyeparuliwa magamba. Rangi yote imetoka, bati linang'aa, mahali pengine limebonyea na kukunjamana. Sikuhitaji kusomea.

Hapo ndipo nikamwendea chefe. Akasema ni rangi tu. Nikasema rangi haikunjamani. Akasema hakuna abiria mwingine aliyelalamika. Nikasema abiria wengine hukuwakalisha kwenye mkia. Akaonyesha uzio kwa kidole, akasema, "Hata watu wako wenyewe wanapiga vigelegele, mamã. Wangeona tatizo wangeimba?" Kisha ndipo akasema lile la kumshukuru Mungu niende nyumbani. Na mimi nikakaa kwenye ngazi.

Mwanzoni walidhani nimechoka. Kisha wakadhani nimechanganyikiwa. Bwana mmoja wa buti akaniambia kwa Kireno, "Mama, tuna kazi." Nikamjibu kwa Kireno, "Na mimi ninayo." Nikafungua mkoba, nikatoa kikombe na kijiko, nikaanza kumlisha Davide. Kijiko. Kingine. Polepole, kidonda bado kibichi. Nani atamburuta mwanamke anayemlisha mtoto mwenye nyuzi mdomoni, mbele ya watu wote wale uzioni? Chefe alinyoosha mkono, akaurudisha.

Aliyeniumiza alikuwa Adelina. "Dada, ondoka, unanitia aibu!" alinong'ona. "Watu wananitazama mimi!"

"Aibu inapona. Kaa chini ya kivuli."

"Mtoto wangu amelala vibaya, wewe unataka nibaki hapa?"

"Hiyo ndege haiendi."

"Nikijifungulia hapa kwenye pista, Filomena, mtoto nitampa jina lako lote, ajue ni nani aliyemkosesha hospitali!"

Ndugu zangu, sitadanganya, hapo nilitikisika. Kama ndege ilikuwa nzima kweli, basi mimi ndiye nilikuwa ninamwua mdogo wangu kwa ukaidi. Ikiwa si nzima, nikiondoka, ninampandisha kaburini kwa mkono wangu. Nilikuwa sina chombo cha kupima. Nilikuwa na sauti ile tu kwenye meno yangu. Nikasema moyoni, Bwana, sina shahidi, nipe shahidi. Nikaendelea kulisha, maziwa yanamwagikia kapulana.

Shahidi wa kwanza akatoka mahali ambapo sikutarajia. Uzioni, Mama Rosária aliacha kuimba. Akapaza sauti mpaka wote wakageuka, "Filo! Unasema mkia? Sisi tumeliona vumbi! Limetoka kwenye mkia! Tulidhani anatusalimia!" Watu wakacheka. Lakini hakuacha. "Ninyi chekeni! Nimecheza ngoma ya ajali kwa miguu hii, na bado nasema nimeona!" Na Bi Somoe akaitikia, "Wallahi, hata mimi!"

Chefe akasema, "Wanawake wa uzioni si mafundi wa ndege."

Ndipo nikasikia viatu juu yangu. Yule binti mhudumu alikuwa amesimama mlangoni mwa ndege, ameshika vyuma vya ngazi kwa mikono yote miwili. Akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mstari, "Chefe, mkia umegonga. Mimi nilikuwa nimekaa juu yake. Nimekwenda kumwambia kapteni, na mimi sirudi kukaa pale."

Mungu ni mwema! Binti ambaye alinihamisha kiti, ambaye hakunipa mkanda! Bwana akamfungua kinywa chake. Angeweza kunyamaza akalinda kazi yake, hakunyamaza.

Rubani akateremka. Nilimpisha, yeye tu. Akaenda nyuma, akainama pale nilipoinama mimi, akapitisha kiganja kwenye bati. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliposimama akavua kofia. Hakumwambia chefe kitu kirefu. Alisema, "Washushe mizigo."

Mizigo ikashushwa. Nami nikainuka kwenye ngazi, na akina mama wakaruka pale uzio ulipolala wakanibeba mimi na Davide wetu. Nyimbo zilirudi. Safari hii zilikuwa mahali pake.

Ndege ile haikuruka siku hiyo wala siku zilizofuata. Ilikaa pale mmeiona wenyewe, mkia umefunikwa turubai, mpaka mafundi wakaja kutoka mbali na mapande ya bati. Hawakuniambia walikuta nini, na mimi siwezi kuapa kwamba ingeanguka. Nilichokiona ni kwamba wenye kujua walipoiangalia hawakuthubutu kuipandisha. Kesho yake ikaja ile ndege ndogo ya zamani ikamchukua Adelina. Wakampasua Pemba, mtoto akatoka analia, mama mzima. Msichana. Alisema atampa jina langu kwa hasira, akampa kwa machozi. Filomena mdogo yuko pale nyuma, anatafuna ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Haleluya!

Ningeweza kuishia hapa tukaimba. Mambo yangekuwa mazuri. Lakini ndugu zangu, sikilizeni kilichofuata.

Kampuni ikatangaza kwamba safari imechelewa kwa sababu ya fujo za abiria mmoja. Abiria mmoja! Neno la mkia, hakuna. Simão akaitwa na msimamizi wake kambini, akaambiwa amtulize mke wake, nafasi za ndege hutolewa kwa hisani. Akarudi nyumbani, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Filo," akasema, "mtoto amepona. Adelina amepona. Acha."

"Na kesho wakisema tena ni rangi tu, akapanda mwingine?"

"Watanifukuza."

"Wakikufukuza utafua nguo za nani? Za kwetu hujawahi kuzigusa."

Alicheka, masikini, hakutaka kucheka. Kisha akasema, "Vaa. Twende wote."

Huyo ndiye mume wangu. Mumtazame vizuri, amekaa pale karibu na dirisha, hapendi kutazamwa. Hawajamfukuza mpaka leo. Wakimfukuza, atakuwa amefukuzwa akiwa amesimama wima.

Hata baadhi yenu hapa kanisani mlinijia. Mlisema, dada Filomena, umeokolewa, samehe, Mkristo halalamiki. Nawajibu leo mbele ya wote. Nimesamehe. Yule chefe nikimkuta njiani namsalimia, na namuulizia watoto. Lakini kumsamehe mtu hakunifanyi nimsaidie kuficha. Aliyeniokoa ni Mungu. Kampuni haikuniokoa, kampuni iliniweka kwenye mkia. Sasa kwa nini shukrani za Mungu wapelekewe wao?

Ndiyo maana nasema, mtumainini Bwana, ninyi mlio na mtoto hospitali, ninyi mliopoteza shamba kwa sababu ya kambi, ninyi mnaoambiwa kila siku mnyamaze. Mtumainini kabisa. Alimshika Davide kwa fundo la kapulana, atawashindwa ninyi? Lakini mkiisha kumtumaini, semeni. Aliponipa shahidi kwenye ngazi ile, alitumia midomo ya watu, na midomo hiyo ingefungwa, Adelina angepanda. Yeyote anayetaka kumpokea Bwana huyu, aje mbele leo, asingoje kugongwa mkia kwanza.

Nilipokwisha kumshukuru Mungu hapa Jumapili ile kwa maneno machache, tulikwenda ofisini kwao, mimi na Simão na Davide. Kila ofisi ya nchi hii inayohudumia watu lazima iwe na kitabu cha malalamiko, ni sheria, niliisoma shuleni. Nikakiomba. Chefe akasema kimepotea. Nikasema nitangoja kipatikane. Nikavuta kiti, nikakaa, nikafungua mkoba, nikatoa kikombe na kijiko. Alipokiona kile kikombe, ndugu zangu, kitabu kilipatikana!

Niliandika kwa Kireno, kwa mwandiko mzuri, bila kufuta neno. Kwa lugha yetu ni hivi:

"Mimi Filomena, mkazi wa Mocímboa da Praia, mama wa Davide, nalalamika dhidi ya kampuni hii ya ndege. Mlinitoa kwenye kiti changu mkampa mtu mwingine. Mlinikataza kumfunga mtoto wangu na hamkunipa mkanda wake. Ndege yenu ilitua, ikadunda, ikaruka tena, na mkia wake ukaburuzwa kwenye pista. Nilisema, hamkusikiliza. Mlikuwa mnawapandisha watu wengine, na mmoja wao ni mdogo wangu mwenye mimba. Kisha mkatangaza kwamba fujo ni yangu.

"Naomba muandike na kutangaza kwamba mkia uligonga. Naomba kila mtoto mchanga apewe mkanda, wa mzungu na wa kwetu. Naomba mama mwenye mtoto asihamishwe kiti. Naomba mhudumu aliyesema kweli asiguswe kazini. Jina lake silitaji, ninyi mnalijua.

"Chefe aliniambia nimshukuru Mungu. Nimeshamshukuru, kanisani, mbele ya watu. Hilo limekwisha. Sasa nangoja jibu lenu, kwa maandishi."